Nimezuiwa kumwona mwanangu, je, nisitishe matunzo?

*Shangazi, nina mtoto wa miaka mitano niliyezaa na binti ambaye hatukufunga ndoa. Kila mwezi natuma shilingi 80,000. Tangu nioe, mama yake hataki nimwone mtoto. Mke wangu naye ana kichanga, analalamika kuwa pesa zinaenda nje. Nisitishe mpaka niruhusiwe? – Baba wa wawili, Morogoro*

Mwanangu, usisitishe hata mwezi mmoja. Unataka kumkomoa mama, lakini atakayekosa uji na viatu ni mtoto, naye hajakuzuia chochote. Pesa ile si kiingilio cha kumwona.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, muwe mlifunga ndoa au hamkufunga. Ukisitisha, mzazi mwenzio anaweza kwenda mahakamani kudai matunzo, na hapo wewe ndiye utakayeonekana mkosaji.

Kumwona mwanao ni dai jingine, na sheria hiyohiyo inakuruhusu kuomba mahakama ikupangie muda wa kumtembelea. Ila usianzie huko. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakoishi mtoto, amwombe mwenzio aje mzungumze. Mkubaliane siku, saa, mahali, na nani atamrudisha mtoto. Yaandikwe, msaini wote. Beba ujumbe wa miamala yote ya simu. Na kama kuna pesa unazompa mkononi, kuanzia sasa zipitie kwenye simu.

Mkishakaa, muulize anaogopa nini. Wababa wengi hawaulizi. Kizuizi kimeanza ulipooa. Huenda anahofia mtoto hatarudishwa, au atanyanyasika kwa mama wa kambo. Ukianza kumwona mtoto kwa bibi yake mzaa mama, hofu itapungua.

Kuhusu mkeo, kichanga wake hajasahauliwa. Mahakama inapopanga kiwango hutazama kipato cha wazazi wote wawili, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na watoto wengine unaowalea. Kwa hiyo 80,000 zikikulemea, lisemee palepale ustawi, usijipunguzie kimyakimya. Mkeo mwonyeshe hesabu nzima. Na kama hukumwambia kabla ya ndoa kwamba una mtoto, mwombe radhi kwanza, maana huenda kinachomuuma ni hicho kuliko pesa.

Tuma ya mwezi huu leo, Jumatatu asubuhi uende ustawi.