Nilijibu "yes", nikaitwa mwongo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani wa hesabu. Bosi wangu ni Mwingereza na huwa tunaongea kwa simu. Mwezi uliopita aliniuliza, kwa Kiingereza, kama sijatuma hesabu za robo mwaka. Nikasita kidogo, nikajibu "yes", maana ni kweli nilikuwa sijazituma. Akashukuru, akakata simu. Siku tatu baadaye nikaletewa barua: nimemdanganya, na eti hata kule kusita kulionyesha kuna jambo ninaficha. Nimwombe radhi kwa kosa gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukudanganya, naye hakukusingizia. Sarufi ndiyo iliyowagombanisha.

Muulize Mswahili, "Hujalala?" Kama yu macho atasema, "Ndiyo, sijalala." Ile "ndiyo" inamkubalia muulizaji: ulivyosema ndivyo. Wajapani nao hujibu hivyo kwa "hai" yao. Mwingereza hajali swali limeulizwaje, anatazama tendo. Limefanyika, "yes", halijafanyika, "no". Kwa hiyo alisikia zimekwenda. Wafaransa na Wajerumani wana neno la pekee, "si" na "doch", la kumpinga anayeuliza kwa kukanusha. Hujatuma? Doch, nimetuma! Kiingereza cha leo hakina neno kama hilo.

Haya yalinikuta nikiwa mkalimani kijana. Mtu aliulizwa kikaoni kama hakupokea mkataba, akasema ndiyo, nami kwa ujuaji wangu nikatoa "yes". Robo saa nzima watu wakajadili ibara za mkataba ambao mwenzao hajauona hata jalada. Tangu siku hiyo, swali likiwa la kukanusha, "ndiyo" na "hapana" nazitupa zote mbili, natafsiri sentensi.

Nawe usimwachie neno moja likining'inia. Sema, "Sijazituma, nitazituma Alhamisi." Unaweza pia kumwomba awe anauliza "Umetuma?" badala ya "Hujatuma?", ila usitegemee sana, watu husahau, mabosi zaidi.

Hilo la kusita lisikunyime usingizi. Mwaka 2009 watafiti walitoa vipimo vya muda ambao wazungumzaji wa lugha 10 huchukua kabla ya kujibu maswali ya ndiyo au hapana. Kwa wastani Wajapani walijibu karibu papo hapo, Wadenmaki wakachukua karibu nusu sekunde. Nusu sekunde, basi! Lakini sikio lililozoea mwendo wake hulipa hata pengo dogo kama hilo maana: huyu hataki, huyu anaficha. Na wewe ulikuwa ukigeuza swali la kukanusha kichwani, tena kwa lugha ya pili. Mweleze hivyo hivyo.

Radhi omba kwa kuchelewesha kazi. Hilo ni lako, usijifiche nyuma ya sarufi. Kwa uongo usiombe, maana ukiomba umekiri. Mwandikie kwamba ulikuwa ukimkubalia alichosema, yaani ni kweli hazijatumwa, na kwamba kuanzia sasa utajibu kwa maneno kamili. Iwe barua fupi; maelezo yakirefuka naye ataanza kutafuta kingine unachoficha.

Na hesabu zenyewe, mwanangu, bado hujazituma? Nijibu kwa sentensi nzima.