Barua kwa mwanangu: tuzo ni yenu, programu itakuwa ya nani?

Mwanangu Zuhura,

Waaleikum salaam. Ujumbe wako umetufikia, na mamako alipiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Hongereni nyote. Programu mliyoianza kwa ajili ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati za Kilifi, kule ambako mtandao huja na kupotea, leo imepewa tuzo na watu wa fani yenyewe, na kampuni ya Dubai inataka kuinunua. Umeniuliza tuzo hiyo ina uzito gani, na kama mkubali kuiuza kazi yenu nje sasa hivi au mngoje.

Kuhusu tuzo sina mengi. Ni ushahidi mbele ya mtu asiyekujua. Inaniuma kwamba mara nyingi sifa ya ng'ambo ndiyo humfungulia kijana wetu mlango wa ofisi ya hapa hapa nyumbani, lakini ukifunguliwa, ingieni.

La kuuza ndilo linalonikosesha usingizi. Maisha yangu ya kazi yote nimeyatumia kwenye simu, tangu enzi za Posta na Simu, na nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine: mali hii ni ya nani?

Chukua M-Pesa. Dunia nzima inaitaja kuwa fahari ya Kenya, nami naionea fahari. Ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo, 2005, walikuwa wakiijaribu Nairobi na Thika ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kuitumia kwa haja zao nyingine, wakitumiana pesa wao kwa wao. Wakenya ndio walioifundisha programu ile kazi yake. Lakini wazo lilitoka Vodafone ya Uingereza, likasaidiwa na fedha za serikali ya huko, na umiliki ukabaki huko. Seva zake, yaani kompyuta zinazoiendesha, zilikuwa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa nyumbani. Safaricom ilikuwa ikilipa ada ya leseni kwa huduma ambayo kila mtu aliiita yetu, mpaka 2020, Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini ziliponunua jina na teknolojia yake kutoka kwa Vodafone. Miaka kumi na mitatu, mwanangu. Sifa zilikuwa hapa, hati zilikuwa kwingine.

Vijana wa Ushahidi, programu ya ramani iliyozaliwa hapa Kenya, walikwenda njia nyingine. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo, kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakalishika, na kwa siku chache kukawa na ramani ambayo raia wa kawaida aliweza kuitumia kutoa habari za vurugu alizoziona. Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts karibu na Boston waliichukua programu hiyo hiyo. Watu wa Haiti walionaswa walituma ujumbe kwa namba 4636, ndugu zao walioko ughaibuni wakautafsiri kutoka Krioli, na mahali palipohitaji msaada pakaonekana kwenye ramani. Mwaka uliofuata Wajapani nao wakaitumia baada ya tetemeko lao. Tuzo ya Wakfu wa MacArthur wa Marekani, ile ya taasisi, ilikuja 2013, kazi ikiwa imeshajulikana mbali. Wao waliiacha programu wazi, yeyote aichukue bure, na waliamua hivyo wenyewe, kwa hiari. Hilo ndilo ninalowaombea nanyi: muamue, msiamuliwe.

Sasa nitazame hao wa Dubai. Nguvu ya programu yenu ni kwamba inafanya kazi mtandao ukiwa umekatika, muuguzi anaandika, na kumbukumbu zinakwenda baadaye. Dubai mtandao haukatiki. Wanaitaka ya nini? Ninavyofikiri mimi, wanaitaka ili waiuze katika nchi zinazofanana na yetu, kwa jina lao. Si dhambi, biashara ni biashara, lakini waulizeni waziwazi na bei ifuate jibu lao. Kama kweli wanaitaka kwa hospitali za kwao, kuweni waangalifu zaidi. M-Pesa ilipelekwa Afrika Kusini 2010 ikafungwa 2016. Ikapelekwa Romania 2014, nako ikafungwa 2017. Afrika Kusini watu wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, kwa hiyo haja iliyowasukuma Wakenya haikuwepo. Mnazi unaozaa Msambweni pwani huwezi kuupanda Limuru kwenye baridi ukangoja madafu.

Sikuambii mjifungie nyumbani. Nilifurahi sana Juni 2009 kebo ya intaneti ya TEAMS, inayopita chini ya bahari, ilipofika hapa Mombasa kutoka Fujairah, huko huko Emirati iliko Dubai. Wengi walisema itatuletea intaneti ya bei nafuu, mimi nikasema pia itapeleka kazi ya mikono yenu kule. Mfano mnao jirani: kampuni ya NALA ya Benjamin Fernandes wa Tanzania. Ilianza na programu ya kurahisisha pesa za simu nchini mwao, ikashinda shindano la benki ya Ecobank 2018, kisha ikawafuata Waafrika wanaoishi Uingereza na Marekani wanaotuma pesa nyumbani. Julai 2024 ilipata mtaji wa dola milioni 40. Walivuka mpaka wakimfuata mteja waliyemjua tangu kwao.

Kwa hiyo wakodisheni, msiwauzie. Leseni iwe ya nchi zilizotajwa kwa majina na miaka iliyotajwa kwa namba, msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, ubaki kwenu, na jina la kampuni yenu lionekane kwenye skrini. Sajilini programu kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla ya mkutano, si baada yake. Kumbukumbu za wagonjwa wa Kilifi zisionyeshwe hata kwa majaribio, sheria ya kulinda data ya 2019 iko wazi, na hata isingekuwepo, wale ni watu waliowaamini. Na yaandikwe ni nani atakayepokea simu mfumo ukigoma usiku, na kwa malipo gani, maana hapo ndipo faida ya mkataba wa nje humalizikia.

Wakikataa kukodi wakasisitiza kununua kila kitu, waacheni waende. Zahanati mlizo nazo zinalipa, si nyingi, lakini zinalipa.

Nitumie rasimu ya mkataba, hasa ukurasa wa umiliki, kabla hamjatia saini. Mjomba wako wakili amekubali kuusoma. Na yule mwenzako aliyezunguka Kilifi akiwafundisha wauguzi, awemo kwenye mkutano. Mkurugenzi wenu anajua kuieleza programu, lakini huyo mwenzako anajua inavyotumika.

Mamako anakusalimu, anauliza kama Idi utakuja.

Babako