Nyumba inamsikia mzee, mbona haimwelewi?

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Mimi ni fundi umeme, nipo Sahare, Tanga. Baba ana mtoto wa jicho na magoti yanamsumbua, nikaona nimfungie vifaa vya kuendesha kwa sauti: taa, feni, pampu ya kisima na kufuli la mlango wa mbele. Raspberry Pi (kompyuta ndogo) inaendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumba; relei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zikiwa na kidhibiti kidogo cha ESP32, zinapokea amri kwa MQTT, itifaki ya kutumiana ujumbe; Whisper inasikiliza na kuandika maneno, Piper inajibu kwa sauti. Nikitumia simu mambo yanakwenda. Baba akisema, vurugu. Nimeiandikia orodha ndefu ya sentensi, lakini akisema "izime" haijui izime nini, na juzi kasema "usizime taa", ikazima. Akiagiza pampu iwashwe saa kumi na moja alfajiri, inawaka saa tano asubuhi. Na umeme ukikatika usiku ukirudi, taa zinawaka zenyewe huku mashine inasema zimezimwa. Ninunue maiki nzuri zaidi, au nibadilishe programu ya kusikiliza?

JIBU: Wa aleykum salaam. Maiki usinunue kwanza. Soma tena malalamiko yako, utaona Whisper ilisikia sawasawa: "usizime taa" iliandikwa kama ilivyotamkwa, kisha skripti yako ikatafuta neno "zime" humo ndani na ikalipata. Shida iko baada ya sikio. Upande wa mazungumzo una habari zake kuhusu nyumba, upande wa vifaa una zake, na hakuna anayewalinganisha. Kwenye simu hulioni tatizo hilo kwa sababu kitufe hakina utata, na taa yenyewe unaiona kwa macho yako. Baba anategemea jibu tu, na jibu linatolewa na programu isiyojua kama ilichoagiza kimetendeka.

Tuanze na umeme, maana mengine yote yanaegemea hapo.

MQTT ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM pamoja na Arlen Nipper, kwa kazi ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti. (Nyinyi wenye Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hamhitaji kuelezwa bomba la porini likoje.) Mawasiliano yalikuwa ghali na ya kukatikakatika, kwa hiyo tangu siku ya kwanza itifaki hii ilitarajia kwamba kifaa kitapotea na kurudi. Ndiyo maana ina mambo mawili ambayo mafundi wengi hawayatumii vizuri. Moja, broka (programu inayopokea na kugawa ujumbe) anaweza kuhifadhi ujumbe wa mwisho wa kila mada, yaani anwani ya ujumbe, na kumkabidhi yeyote anayejiunga baadaye. La pili ni wosia: kifaa kikijiunga kinamwachia broka maneno ya kutangaza endapo kitatoweka bila kuaga.

Nashuku skripti yako ya sauti inatuma amri ikiwa na alama ya kuhifadhiwa, na simu inatuma bila alama hiyo. Basi baba anasema "washa", neno WASHA linabaki kwa broka. Baadaye wewe unaizima kwa simu, Home Assistant inaandika "imezimwa", lakini kwa broka bado limelala lile WASHA la jioni. Umeme unakatika, unarudi, ESP32 inajiunga upya, inakabidhiwa amri ya zamani na inaitii kwa adabu zote. Home Assistant haina habari kwa sababu hakuna aliyeiambia. Angalia pia relei zenyewe zikipata umeme zinaanza katika hali gani. Baadhi ya zile za bei rahisi huwaka kwa muda mfupi kabla programu ya ESP32 haijaamka, na nyingine hubaki hivyo hivyo.

Dawa yake: kila kifaa kiwe na mada mbili, kwa mfano nyumba/sebule/taa/amri na nyumba/sebule/taa/hali. Amri isihifadhiwe kamwe. Hali ihifadhiwe daima, na itangazwe na kifaa chenyewe kila kinapobadilika, awe aliyekibadilisha ni baba kwa sauti, wewe kwa simu, au mjukuu kwa swichi ya ukutani. Wosia uandike "haipatikani". Halafu, na hili ndilo ningelifanya leo hii kabla ya kula, ikataze Piper kusema "nimewasha" mpaka hali irudi kutoka kwenye kifaa. Zikipita sekunde mbili kimya, iseme: "Nimetuma, lakini taa ya sebuleni haijajibu." Kwa mtu asiyeona vizuri, sentensi hiyo ina thamani kuliko sauti tamu ya aina yoyote.

Kumbuka tu kwamba hali ya relei si hali ya balbu. Balbu ikiungua, relei itaendelea kuapa kwamba taa inawaka. Chumbani kwa baba weka kihisi cha mwanga. Kwingine si lazima.

Sasa "izime". Orodha ya sentensi haitakufikisha, hata uongeze nyingine mia. Kitenzi chetu kinabeba mambo mengi tumboni, na programu inabidi ikifumue: kanusho, anayetendewa, kitu chenyewe, kisha mzizi. Washa, iwashe, niwashie, tuwashie, hebu iwashe, isizimwe, usiizime. Kanusho likaguliwe kabla ya kitu kingine chochote, likiwepo, mashine isiguse relei, ijibu tu "Sawa, naiacha." Violezo vya sentensi vya Home Assistant vinakubali vibadala ndani ya sentensi moja, kwa hiyo sehemu hii utaiweza bila kuandika programu mpya.

Kinachohitaji programu ni kumbukumbu ya mazungumzo. Chukua hii:

Baba: Washa feni.
Nyumba: Feni inawaka.
Baba: Na taa.
Nyumba: Taa ya sebuleni inawaka.
Baba: Izime.

Izime ipi? Ngeli zinakupa msaada ambao mifumo mingi ya Kiingereza haina. Angesema "ufunge" ungejua ni mlango. "Lifunge" ni dirisha au geti. "Zizime" ni taa zaidi ya moja. Kwa bahati mbaya taa, feni, pampu na redio zote ni "i", kwa hiyo ngeli peke yake haitoshi. Hapo ndipo vifaa vinatakiwa vizungumze na mazungumzo. Toa kwanza visivyolingana na ngeli. Kisha vilivyo chumba kingine, kwa kuangalia maiki iliyosikia. Kisha vile ambavyo amri haina maana kwavyo: kitu kilichokwisha kuzimwa hakiwezi kuwa ndicho anachotaka kizimwe. Vikibaki viwili, chukua kilichotajwa mwisho, na utaje jina lake kwenye jibu: "Nimezima taa, feni inaendelea." Akiwa alitaka feni atasema "siyo hiyo", na mfumo uwe tayari kuirudisha taa na kuzima feni bila kuanza kuuliza upya. Mimi siafiki mifumo inayouliza "Je, una maana ya taa au feni?" kila mara. Kosa la taa ni dogo, acha likosewe lirekebishwe.

Utaona hatua ya tatu haiwezekani kama mada ya hali haisemi kweli. Ndiyo sababu nimekuanzishia kwenye umeme.

Saa. Whisper imekuandikia "saa kumi na moja alfajiri", programu ikachukua 11. Ongeza sita kwenye saa iliyotajwa. Jumla ikizidi 12, toa 12. Halafu neno la wakati liamue kama ni kabla au baada ya adhuhuri. Kumi na moja alfajiri inakuwa 05:00, kumi na moja jioni 17:00, saa sita mchana 12:00, saa sita usiku 00:00. Asiposema wakati, chukua ile itakayofika kwanza na uitamke kamili kwenye jibu. Tahadhari na siku: kwa wazee wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, wakati kalenda ya kompyuta inaanza siku saa sita usiku. Jibu litaje vyote: "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa."

Na pengine baba hatumii saa kabisa. Akisema "baada ya Magharibi", usimlazimishe kutaja namba. Home Assistant inajua jua linazama saa ngapi mahali ulipo. Ifungie amri hapo. Tanga iko takriban digrii 5 kusini ya Ikweta, kwa hiyo muda huo haubadiliki sana mwaka mzima, lakini unabadilika kiasi cha mtu wa sala ya jamaa kuona kwamba mashine imechelewa.

Kuhusu usikivu nitasema kidogo. Whisper ilitolewa na OpenAI mwaka 2022 na Kiswahili kimo, ila kwenye modeli ndogo zinazobebeka na Raspberry Pi makosa ni mengi kuliko kwenye modeli kubwa. Maiki isiwe chini ya feni. Weka kikomo cha sekunde kadhaa za kusikiliza. Bila hicho, adhana ikianza mashine itadhani baba bado anaongea. Mvua ikipiga mabati, hakuna programu itakayokuokoa, kwa hiyo swichi za ukutani zibaki palepale. Sauti ya Kiswahili iliyomo kwenye Piper ina lafudhi ya Kongo, mzee akicheka usishangae. Na toa mlio mfupi mara tu anapomaliza kusema. Watu tukizungumza huwa tunapokezana ndani ya takriban sekunde 0.2, na Pi yako haitajibu kwa kasi hiyo. Asiposikia chochote atarudia amri, na utakuwa na amri mbili.

Nyumba isiwe na maneno mengi pia. Mark Weiser wa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya Marekani, aliyeandika mwaka 1991 kuhusu kompyuta zilizotawanywa katika mazingira ya mtu, alitaka zijifiche zisionekane. Nyumba inayotangaza kila taa inayowaka inachosha ndani ya siku mbili. Iseme inapoulizwa, inapoagizwa, na mambo yanapoharibika.

Nimebakiza kufuli na pampu, na kwa hivi viwili nabadilisha msimamo: hapa iulize. Kufunga mlango kwa sauti ni sawa. Kufungua kwa sauti usiruhusu kabisa, kwa sababu maiki haimjui baba; mtu yeyote aliyesimama dirishani anaweza kusema "fungua mlango". Pampu ihitaji "ndiyo" kabla ya kuwaka, na ulinzi wake usitegemee Pi. Boya la tangi na kikata umeme cha kisima kikikauka viunganishwe moja kwa moja kwenye kontakta (swichi kubwa inayowasha pampu), na muda wa juu wa pampu kufanya kazi uandike ndani ya ESP32 yenyewe, ili hata Pi ikifa katikati ya kujaza tangi, pampu izime.