Nikaha kwanza au viza kwanza? Nakujibu bila kukuficha

Waalaykum salaam mdogo wangu. Sauti yako nimeiskiza mara mbili niko kwenye gari nje ya kazini, nikaona nikuandikie kabisa manake najua hapo nyumbani mko wengi mnaulizana hilo hilo. Unasema mchumba wako yuko Minneapolis, ni raia wa Marekani, ashapeleka fomu ya kukuita kama mchumba, na sa hizi wazee hapo Mombasa wanataka nikaha ifungwe mfungo mosi, mwezi baada ya Ramadhani, harusi ije baadae viza ikitoka. Wauliza kuna ubaya gani, si nikaha tu, watu kumi sebuleni, halua na kahawa basi.

Ubaya upo tena mkubwa. Fomu alopeleka ni ya watu ambao hawajaoana. Viza ya mchumba, ile K-1, apewa mtu ambae hajaolewa, aingie Marekani, aolewe huko na huyo huyo alomuita ndani ya siku 90. Ukifungwa nikaha hapo sebuleni wewe ushakua mke wa mtu, sheria ya ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na ya kanisani na ya serikali, na watu wa viza wanaangalia sheria ya pale ndoa ilipofungwa. Kwa hivyo ile fomu ishakufa, pesa yake hairudi, na mchumba wako aanze upya na fomu ya mke.

Na najua kuna mtu ashakwambia fungeni tu, cheti cha kadhi msichukue, nani atajua. Dadangu usikubali hilo hata kama ni ami yako kalisema. Siku ya mahojiano pale Gigiri, ubalozi wa Marekani Nairobi, unaapishwa, unaulizwa umeolewa au hujaolewa. Ukisema hujaolewa na nikaha ishasomwa, umedanganya chini ya kiapo, na wakigundua unafungiwa kuingia Marekani maisha yako yote, kufunguliwa ni kuomba msamaha maalum ambao si kila mtu anaupata. Wanagundua vipi? Picha. Kuna rafiki yangu alifanyiwa posa tu, wallahi posa, lakini ikapambwa jukwaa, kanzu nyeupe, hina mpaka kwenye viwiko, akatuma zile picha kama ushahidi wa uchumba, ofisa akaziangalia akamwambia hii ni harusi. Akanyimwa. Wakaenda wakaoana kweli wakaanza upya, na muda walopoteza hakuna alowarudishia. Kwa hivyo hata mkibaki njia ya mchumba, posa iwe ndogo.

Ile ya kufunga kwa simu, bwana yuko Minneapolis na wali wako, yule mzee anaekuozesha, yuko Mombasa, nayo uijue. Uhamiaji wa Marekani hauihesabu ndoa ambayo mmoja hakuepo mpaka baada ya kufungwa mkutane muishi kama mke na mume. Akija hata wiki mbili mkakaa pamoja, mkaweka tiketi zake na picha, hapo inahesabika. Asipokuja, umeolewa mbele ya Mungu na mbele ya mama yako, lakini kwa karatasi zao bado.

Mimi nlikuja kwa hiyo hiyo ya mchumba, nikatua Columbus mwaka 2019. Mamangu alilia uwanja wa ndege kwa sababu namwacha bila hata kuingizwa ndani, sikusingwa kama bibi harusi, somo wangu, yule mama wa kumfunda bibi harusi, hakuitwa, nimeondoka Mombasa kama msichana anaenda masomoni. Siku ya tatu tukaenda mahakama ya kaunti kuchukua leseni ya ndoa, Ijumaa imamu akatufungisha msikitini, nlikua na mashahidi ambao nimewajua asubuhi ile. Kakangu alikua wali kwa simu, laini ikakatika mara mbili. Halali ilipatikana alhamdulillah, lakini hakuna mtu alonishika mkono.

Halafu kuna kitu ambacho hawa wanaosifia viza ya mchumba hawawaambii. Ukishaolewa huku ndo unaanza kuomba grini kadi, ile kadi ya ukaazi, na mpaka kibali kitoke huruhusiwi kufanya kazi, mimi nlikaa miezi sita nyumbani nahesabu theluji, kila kitu namuomba bwana, mpaka pesa ya vocha ya kumpigia mama. Na ukitoka nchini kabla ruhusa ya kusafiri haijatoka, ombi lako linahesabika umeliacha. Bibi yangu akafariki Julai mwaka ule, yule alonilea. Nlizika kwa video ya simu. Harusi ya nyumbani tukaipanga mfungo mosi wa 2020, ukumbi ushalipiwa arubuni, ikaja korona, Machi ndege zikasimama, na mpaka leo haijafanywa.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi kwa roho safi, nakwambia fungeni nikaha, lakini kwa njia ya mke tangu mwanzo. Mchumba wako aiondoe ile fomu ya uchumba kwa maandishi, aje Mombasa mwenyewe, kadhi afungishe, cheti mkisajili, halafu apeleke fomu ya kukuita kama mke. Kusubiri kupo, mwaka na zaidi, sikudanganyi, na utasubiri ukiwa kwa mama yako, unafanya kazi yako, umesingwa umeimbiwa. Siku unaingia Marekani unaingia na ukaazi wako, kazi unaanza, msiba ukitokea unapanda ndege. Na angalia tarehe: ukiingia ndoa haijatimiza miaka 2 unapewa kadi ya miaka 2 na baadae mnatuma ushahidi tena, ikishatimiza unapewa ya miaka 10. Rafiki yangu mwengine aliingia ndoa ina mwaka mmoja na miezi kumi na moja, angengoja wiki nne tu.

Ukumbi msilipe kwa kufata tarehe ya viza, hiyo tarehe hakuna anaeijua. Lipeni kwa tarehe ya tiketi ya bwana harusi ashaikata.

Mwambie mama mkubwa nitampigia Jumamosi baada ya isha saa za huko, nizungumze nae mwenyewe, asidhani ni wewe unaeikataa nikaha. Na mchumba wako mwambie anitafute kabla hajaiondoa ile fomu, kuna karatasi za talaka yake ya kwanza nataka kujua kama anazo.