Kundi la mtaa limepita watu 900: nilifunge au niache?

SWALI: Mimi ni admini wa kundi la WhatsApp la wakazi wa mtaa wetu huku Bamburi, Mombasa. Tulilianzisha majirani wachache kwa habari za maji na usalama. Sasa tumepita watu 900. Asubuhi ni matangazo ya viatu na mikopo, mchana siasa, usiku watu wanatukanana kwa dini zao. Majirani wa mwanzo wanatoka kimyakimya. Nimeandika kanuni 18 na watu nimewatoa, lakini naambiwa napendelea. Wenzangu wanataka tulifunge, maadmini pekee ndio waandike. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usilifunge. Kundi ambalo admini pekee ndiye anayesema linageuka ubao wa matangazo, na jirani atakayeona transfoma ikitoa moshi saa nane za usiku atakosa pa kupiga kelele. Kufunga kuna wakati wake, nitakueleza huko mbele, lakini ni kwa saa chache, si kwa maisha.

Kinachokusumbua ni kasi ya watu kuingia, zaidi ya idadi yao. Mkiwa majirani 30, anayeandika anajua nani atasoma, na anajua kesho watapishana kwa muuza mbaazi. Hiyo haya ndiyo iliyokuwa kanuni yenu, na haikuhitaji kuandikwa. Mkifika mamia, mtu anaandika kwa umati asioujua, na aliyeingia juzi anamfundisha aliyeingia jana.

Jambo hili lilishatokea zamani. Kulikuwa na Usenet, mtandao wa mijadala ulioanza 1980 na kutumiwa zaidi na watu wa vyuo vikuu. Kila Septemba wanafunzi wapya walimiminika, wakavuruga mazungumzo kwa muda, wakakaripiwa, wakashika adabu za pale, mambo yakatulia. Kuanzia 1993 na 1994 kampuni za intaneti, ikiwemo AOL ya Marekani, zikawafungulia mlango wateja wao wa kawaida, na wageni wakawa wanaingia mwaka mzima. Wakongwe wakaupa wakati huo jina la Septemba isiyokwisha. Wale wageni hawakuwa wabaya kuliko waliowatangulia. Walikuja wengi mno kwa mpigo, wenyeji wakashindwa kuwapokea.

Kwa hiyo anza na mlango. Badilisha ile linki ya kundi, maana ya zamani inazunguka hadi kwa watu wasiokaa mtaani kwenu. Kwenye mipangilio, washa idhini ya admini kabla mtu hajaingia, na uwaondolee wanachama ruhusa ya kuongeza watu. Kisha waingize kwa mafungu, tuseme watu kumi kila Jumamosi. Siku hiyo admini mmoja awakaribishe kwa majina, awaulize wanakaa upande gani, awaeleze kundi ni la nini. Kwa kawaida mgeni haoni yaliyosemwa kabla hajaingia, kwa hiyo asipoambiwa ataiga anayoyakuta, na kwenu sasa atakuta viatu na matusi. Maelezo hayo yabandike juu ya kundi. WhatsApp inakuruhusu kuyaacha hapo hadi siku 30, halafu unayabandika upya.

Usisubiri nafasi ziishe. Hadi 2022 kundi moja lilikuwa na mwisho wa watu 256. Mwaka huo ukapandishwa hadi 512, kisha 1,024. Uko karibu na ukingo, na siku mtakapojaa mtakuwa mnagombania nafasi badala ya kupanga mambo.

Lingine la wiki hii: fungua taarifa za kundi, teremka hadi chini kabisa, utaona orodha ya waliotoka katika siku 60 zilizopita. Tangu 2022 mtu akitoka wanaoarifiwa ni maadmini tu, kwa hiyo wanachama wengi huenda hawajatambua nani ameondoka. Chagua majirani watano au sita wa zamani uwapigie simu. Usiwaandikie, wapigie. Muulize kila mmoja ni kitu gani alichokisoma mwisho kabla hajatoka. Wengi katika makundi niliyosimamia hawakukimbia siasa yenyewe. Walichoka kutafuta habari ya maji chini ya jumbe mia mbili.

Hapo ndipo kugawa kundi kunapofaa. WhatsApp ina jumuiya, yaani makundi kadhaa chini ya paa moja, na juu yake kundi la matangazo ambamo wanachama hawaonyeshwi namba za simu za wenzao. Kwenu ningeweka matangazo, maji na usalama, na soko. Soko lipe kundi lake leo hii, kwa sababu wauzaji wapo, wanunuzi wapo, na mama anayeuza mahamri ana haki ya kutafuta riziki bila kufukuzwa kama mhalifu. Siasa ipe chumba ikiwa kuna watu wa kukisimamia. Kama hawapo, acha. Mjadala wa kushindanisha dini sikushauri kuutafutia mahali popote. Salamu za Idi na Krismasi na taarifa za mazishi zibaki, mengine wayafanye kwingine. Usigawe zaidi ya hapo, maana vyumba vitupu huwarudisha watu wote kwenye kile kimoja chenye kelele.

Kanuni 18 hazisomwi na mtu. Bakisha nne au tano, na kila moja iwe ile ambayo maadmini wote mko tayari kuitekeleza hata kwa shemeji yenu. Hapa ndipo lawama ya upendeleo inapotoka: mmoja anafuta, mwingine anaacha, wa tatu anacheka na mkosaji.

Kuhusu kutoa watu, nakuomba utafakari ngazi. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi 2009, alichunguza jinsi jamii zinavyotunza mali ya pamoja kama misitu, malisho na maji ya mashamba. Katika zile zilizodumu alikuta adhabu inaanza ndogo na kukua mtu akirudia. Tofauti na Telegram, WhatsApp haina njia ya kumnyamazisha mwanachama mmoja peke yake kwa muda, kwa hiyo ngazi zako zitakuwa hizi: unafuta ujumbe na kumwandikia faraghani sababu, akirudia, onyo lenye jina la kanuni, akirudia tena, anatoka kwa wiki moja na anajua siku ya kurudi, mwisho ndiyo kutolewa moja kwa moja. Usiache kumwandikia faraghani. Ukifuta ujumbe, kundi zima linaona kwamba admini amefuta, na mtu aliyeaibika mbele za majirani bila kuelezwa ataanzisha kundi lake kesho. Kutoa kuamuliwe na maadmini wawili, wasio jamaa za mkosaji, na muwe na daftari: tarehe, kosa, hatua. Mtu akisema umempendelea fulani, unamsomea.

Kuna makosa yasiyopanda ngazi. Saa tatu usiku inaingia picha ya kijana wa fulana nyekundu amekaa kwenye tuktuk, na maneno, "Huyu ndiye mwizi wa simu, akionekana ashughulikiwe." Mtaani watu wana hofu ya vijana wa panga, vidole viko tayari. Futa kwanza, uliza baadaye. Kila dakika unayosubiri, picha inahifadhiwa katika simu nyingine na huwezi kuifuata huko. Kisha funga kundi kwa usiku ule, na uandike ujumbe mmoja tu: "Picha imefutwa, hakuna aliyeithibitisha. Aliyeibiwa apige 999 au 112 na aandikishe ripoti kituoni. Tusisambaze sura ya mtu. Tutafungua saa kumi na mbili asubuhi." Halafu mpigie simu aliyeituma, kwa upole, kwa sababu huenda ameibiwa kweli na anatetemeka. Wafundishe wanachama kueleza tukio, mahali na saa, bila sura, jina wala kabila. Habari ya namna hiyo inamlinda jirani, na haimwui mtoto wa mtu kwa kufanana.

Vivyo hivyo maneno ya wabara na wapwani yakianza kuwa ya kufukuzana. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inaadhibu uchochezi wa chuki za kikabila kwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Na mwongozo uliotolewa Kenya kabla ya uchaguzi wa 2017 ulimpa admini wa ukurasa wa kijamii jukumu la kudhibiti yanayoandikwa humo. Sikutishi, nataka ujue kwa nini kufuta upesi ni kumlinda mwandishi pia.

Mwisho ni wewe mwenyewe. Watu 900 hawasimamiwi na mtu mmoja anayeamka usiku kusoma. Tafuta maadmini sita au saba, wanaume kwa wanawake, wa dini na pande mbalimbali za mtaa, angalau mmoja kijana na mmoja mzee anayeheshimika. Pangeni zamu, na asiye zamu azime arifa za kundi alale. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kampeni zikipamba moto, kila utakayemteua ataulizwa ni wa chama gani, kwa hivyo wateue mapema, watu wawazoee, na mkubaliane tangu sasa nani ana idhini ya kufunga kundi usiku bila kuwangoja wengine.