Shangazi, gari la marehemu baba nilifufue au nilichinje?

*Shangazi, shikamoo. Marehemu baba alituachia Peugeot 404. Imelala uani chini ya mti miaka 11 sasa, imefunikwa turubai, na kutu imeila. Upande wa dereva ukiinua kapeti unaona udongo, na mlango wake haufungi mpaka uunyanyue kwa mikono miwili. Fundi aliyekuja kuiangalia alifungua boneti akanionyesha pale springi ya mbele inapojishikiza kwa juu, bati linameguka kama gome la mti. Injini, cha ajabu, bado inazunguka kwa mkono. Mdogo wangu wa kiume anataka tuichinje, tuiuze spea moja moja, tugawane pesa, na ameshapata mtu wa injini anayetaka jibu wiki hii. Mimi kila nikiiona namkumbuka baba anavyobadilisha gia pale kwenye usukani, akituambia gari hili lilishinda Safari mara nne. Mama tukimwuliza anasema "fanyeni mtakavyo," kisha anaingia ndani. Nifanyeje? Binti wa Dereva.*

Marahaba, mwanangu. Baba yako hakuwadanganya. 404 ilitwaa Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ile ya 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Gari lina heshima yake. Ila heshima hiyo ni ya 404 zote, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 2. Bati lililoko uani kwenu ni kesi nyingine.

Kwanza lile la haraka: mwambie mdogo wako injini haiuzwi wiki hii. Simwoni mbaya, hata kidogo. Miaka 11 ni mingi na yeye angalau anataka jambo liishe. Lakini mkiuza injini leo, aliyeamua ni mnunuzi. Mkitaka kulifufua hamna injini, na mkitaka kulichinja, kile ambacho watu wangekiulizia kwanza kimeshaondoka. Tena gari ni la mirathi. Mtu mmoja hawezi kulipunguza kipande kipande huku wengine wanatafakari.

Sasa tuje kwenye kutu. Watu hutishwa na ile inayoonekana, wakati mara nyingi siyo inayoua. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huvimba na kubanduka magamba, na pengine mlango unaotisha ukiukwangua unakuta chuma kingali kipo. Na hata kama hakipo, mlango unafunguliwa kwa spana ukawekwa mwingine. Boneti vilevile, buti vilevile. Lakini 404 haina chesisi inayokaa peke yake kama lori au Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kile kizingiti unachokiruka unapoingia ndani, ile sakafu, na yale mabati ya pembeni mwa injini yanayoshikilia springi na shokapu za mbele, hivyo ndivyo vinavyobeba uzito wote. Barua yako imetaja sakafu, imetaja springi, na mlango wa kunyanyuliwa unanifanya nishuku kizingiti. Inawezekana ni bawaba tu zimelika. Kwa hiyo msiniamini mimi niliye mbali, likagueni wenyewe.

Ondoeni turubai, na lisirudi tena. Turubai lililolalia bati hufungia unyevu ndani. Miaka yote hiyo mmekuwa mkiilea kutu mkidhani mnaizuia. Chukua bisibisi kubwa, piga magoti, gonga kizingiti kuanzia tairi la mbele mpaka la nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi la karatasi, na ukikandamiza kidogo bisibisi inazama. Mahali palipopakwa rangi pakapendeza pitisha sumaku: isiponata, hilo si bati, ni puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo unaokauka ukapakwa rangi. Mkimaliza, fungeni milango yote, mpige jeki upande wa dereva gari linyanyuke kidogo tu, mjaribu kufungua mlango. Ukigoma, au ule mwanya kati ya mlango na nguzo ukibadilika huku mnautazama, bodi inapinda katikati. Jeki ikitoboa bati kabla gari halijanyanyuka, ishusheni, jibu mmeshalipata. Na asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kwa ulichoandika, mimi nadhani bodi hiyo imekwisha. Sisemi haitengenezeki. Yupo fundi wa kuchomelea anayejua kufunga vyuma vya kushikilia matundu ya milango kwanza, kisha akakata kizingiti kimoja, akakirudisha, ndipo akagusa cha pili, ili gari lisijipinde wakati wa kazi. Yule atakayekuambia "hapa ni kiraka na puti tu" msindikize kwa heshima mpaka getini. Kazi ya namna hiyo ni saa nyingi za mtu anayelipwa, na kwa kawaida hula pesa kuliko gari litakavyouzwa likishakamilika. Anayeifanya anaifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo lazima yawe na mfuko na nafasi.

Haya nayajua kwa aibu yangu. Niliwahi kuwa na Volkswagen, ile yenye umbo la kobe. Betri yake hukaa chini ya kiti cha nyuma, na kwenye langu sakafu ilikuwa imelika hadi betri inachungulia barabara. Nikaapa nitalifufua. Wikiendi tatu nilifungua kila kitu kwa furaha, nati na skrubu zote nikazitia kwenye ndoo moja, si nitakumbuka! Mwaka wa tatu nilikuwa siwezi kutofautisha nati ya bampa na ya dinamo. Aliyekuja kulichukua alilipima kwa kilo, pamoja na ndoo. Kinachoniuma mpaka leo ni vioo na taa, vilivyokuwa vizima kabisa nilipoanza, na ambavyo vingekuwa barabarani kwenye gari la mtu mwingine kama ningelichinja siku ya kwanza.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na hakuna mahali uliposema unataka kuliendesha. Umeandika mkono wa baba kwenye gia. Niambie ukweli, katika miaka hii umewahi kwenda hata mara moja kutoa majani yaliyoziba matundu ya maji chini ya kioo cha mbele? Kama hujawahi, sikulaumu. Unampenda baba yako, hupendi ufundi, na hakuna anayekulazimisha kuvipenda vyote viwili.

Kama nimekosea, na kweli unatamani kukaa nyuma ya usukani ule, basi msitafute fundi wa kuliokoa hilo. Tafuteni 404 nyingine yenye bodi nzima na injini iliyokufa, halafu ya baba iwe ndiyo spea zake. Injini inayozunguka kwa mkono ina matumaini, na ya 404 ina laina za kuchomoa, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka: pistoni na laina zinabadilishwa pamoja bila kuchonga bloku. Ila ujue mapema kwamba namba na hati zitakuwa za ile bodi nyingine. Kwenye karatasi, gari la baba litakuwa halipo tena.

Kama sikukosea, lichinjeni, lakini kwa adabu. Picha kabla ya kila kinachofunguliwa. Kila kundi la skrubu mfuko wake, na jina juu yake. Mafuta ya injini, petroli na maji ya rejeta yamwagwe kwenye vyombo, siyo chini ya mti. Msikimbilie mnunuzi wa kwanza anayetaka "mzigo wote", kwa sababu anayelifufua la kwake atalipia vizuri kioo cha mbele kisicho na ufa, taa, saa za dashibodi, hata zile nikeli za pembeni ambazo mdogo wako anaona ni takataka. Injini na giaboksi zitoke mkishajua vingine vinaelekea wapi. Kibati cha namba ya chesisi na hati haviuzwi kwa bei yoyote. Wapo wanaovitafuta ili kulipatia gari la wizi jina safi. Hivyo pelekeni kunakoandikishwa magari, lifutwe.

Usukani ng'oa wewe mwenyewe, na mti wa gia yake. Huo usiingie kwenye hesabu ya kugawana, na mdogo wako mwambie kabla hamjaanza, sio siku ya pesa.

Limebaki la mama. Mimi ni mama pia, na nikisema "fanyeni mtakavyo" halafu nikaingia ndani, sijaruhusu kitu. Huenda anaogopa akichagua upande mmoja wenu atanuna. Huenda amechoka na hilo gari kuliko ninyi nyote na anaona haya kusema. Msimwulize tena kama liuzwe. Mwulizeni safari ya kwanza walikwenda wapi nalo, na nani alikuwa nyuma. Siku mtakayoondoa turubai mtoleeni kiti akae karibu, mdogo wako ashike jeki, wewe ushike bisibisi. Halafu uniandikie mlango ulifanyaje.