Bima ya afya kwa viza ya wastaafu: anza na mgonjwa wa nyumbani, nchi ifuate

Mdogo wangu, umeeleza kwamba papa yako ana miaka 67, amestaafu Umoja wa Mataifa hapa Lubumbashi, anataka kwenda kuishi Uhispania pamoja na mama, na ubalozi kule Kinshasa umeikataa bima yake ya safari ya euro 30,000. Unauliza kama aongeze kiasi au abadilishe kampuni. Dosiye ya namna hiyo nimeibeba mwenyewe kwa ajili ya wazazi wangu, basi vumilia urefu.

Kuongeza kiasi hakutasaidia kitu. Hiyo euro 30,000 ni sharti la viza fupi ya Schengen, yaani viza moja ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, ya siku 90 ndani ya siku 180. Kazi yake ni dharura, kulazwa kwa ghafla na kurudisha mwili nyumbani. Anayehamia ana sharti lake. Viza ya Uhispania ya mkaazi asiyefanya kazi, wenyewe wanaiita no lucrativa, inadai bima inayobeba yale yale yanayobebwa na hospitali za serikali yao, kwa mwaka mzima, kutoka kampuni iliyoruhusiwa kufanya biashara ya bima ndani ya Uhispania. Na kwenye cheti wanatafuta maneno mawili: sin copagos, yaani mgonjwa hachangii chochote anapomwona daktari, na sin carencias, yaani hakuna miezi ya kungoja kabla bima haijaanza kulipia upasuaji au kulazwa. Papa anaweza kuja na bima ya dola milioni. Maneno hayo yakikosekana, dosiye inarudi. Kampuni kama Sanitas, Adeslas, Asisa na DKV zinauza bima za aina hiyo kwa wageni, na zinajua ubalozi unataka cheti kiandikweje. Waambie tangu mwanzo kwamba ni kwa ajili ya viza.

Najua utauliza: na bima ya wastaafu wa UN, ile ASHI? Kama papa alichangia miaka kumi na zaidi na akaondoka akiwa na miaka 55 au zaidi, huenda anayo, na asiiachie hata kidogo, maana ukishaitoka hurudi. Lakini mpango waliowekewa watumishi wa UN walioajiriwa nchini mwao ulitengenezwa kwa ajili ya mtu anayetibiwa karibu na kituo chake cha kazi. Unalipa kwanza, unatuma risiti, unarudishiwa sehemu. Kwa matibabu ni msaada mkubwa. Kwa afisa wa viza, ni bima yenye mchango wa mgonjwa na isiyo na leseni ya Uhispania. Papa yangu alibishana sana juu ya hilo. Eti ana barua yenye nembo ya Umoja wa Mataifa, ataikataa nani?

Halafu kuna jambo ambalo wa nje ya Katanga hawalielewi. Papa yangu alianzia Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kabla ya kwenda UN. Kizazi chake kilikulia kwenye nyumba za kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, unga wa kampuni. Ukiumwa unakwenda, unatibiwa, hakuna anayekuonyesha bei. Nilipomwonyesha kiasi cha mwaka mzima kinacholipwa mara moja, alivua miwani: "Nilipe feza yote hii, na mimi siumwi?" Usimwonyeshe mzee bei kabla hujakaa naye ukamweleza bima ni kitu gani. Utapoteza wiki nzima kwenye ugomvi ambao hauna uhusiano na viza.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe: mama. Umetaja kwa kupita tu kwamba ana presha. Hapo ndipo dosiye yenu itasimama au itaanguka, kuliko hata mapato. Kabla ya kukubali mtu, kampuni inamtumia dodoso la afya: magonjwa, dawa, upasuaji, kulazwa. Mama yangu ana presha na sukari. Kila asubuhi hujipima na kuandika kwenye daftari la shule lenye ganda la kijani, tarehe upande huu, namba upande ule, na pembeni amebandika kipande cha boksi la amlodipine, dawa yake ya presha, ili asisahau miligramu. Tulijaza dodoso tukilitazama daftari hilo. Jamaa wa kanisani akatushauri tuandike "hapana" kila mahali, eti Ulaya nani atajua. Tulikataa, na wewe ukatae. Sheria yao ya mikataba ya bima, namba 50 ya 1980, inaiachia kampuni isilipe kitu kama mteja alidanganya kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa kwenye dodoso. Utakuwa umelipa mwaka mzima, umepata viza, halafu siku mama anapolazwa wanaomba rekodi, wanakuta metformin, dawa ya sukari, ya miaka mingi, na bili ni yako.

Kampuni ya kwanza ilimkataa mama moja kwa moja, kwa umri na sukari. Nyingine ilitaka ripoti ya daktari na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ile HbA1c, ikamkubali kwa sharti kwamba chochote kinachotokana na sukari hakimo. Angalia mtego ulivyo: bima unayo, cheti unacho, lakini kina shimo pale pale ambapo ubalozi unataka pawe pamejaa. Papa peke yake angepita. Sisi hatukutaka papa peke yake.

Tukageukia Ureno, na ningekushauri uiangalie kabla hujatuma tena feza Uhispania. Viza yao ya wenye pensheni na mapato ya kupangisha nyumba, D7, haidai bima kamili ya mwaka kwenye hatua ya ubalozi. Inataka bima ya safari yenye matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, ambayo mzee mwenye presha anaweza kuipata. Ukishafika na kupata kibali cha ukaazi, unajiandikisha kwenye kituo cha afya cha mtaa, unapewa namba ya mgonjwa wanayoiita número de utente, na hapo uko ndani ya huduma ya afya ya taifa. Hakuna anayekuuliza sukari ilianza lini. Mapato pia ni mepesi: yanafuata mshahara wa chini wa Ureno, uliokuwa euro 870 kwa mwezi mwaka 2025, na nusu yake kwa mke. Uhispania wanafuata IPREM, kipimo chao cha mapato, cha euro 600: mara nne yake, euro 2,400 kwa mwezi, na 600 nyingine kwa mke. Pensheni ya UN na kodi ya nyumba moja ya mtaa wa Golf au Bel-Air hapa Lubumbashi zinaweza kufika huko, kwa mkataba wa upangaji uliopita kwa notere. Pensheni ya CNSS, mfuko wa taifa wa wastaafu, peke yake haifiki, tusidanganyane.

Ila bima ya safari hailipii ugonjwa unaojulikana. Kati ya uwanja wa ndege na ile namba ya mgonjwa kuna miezi, na kwa kibali cha ukaazi foleni ni ndefu. Mama alisafiri na dawa za miezi kadhaa, na cheti cha daktari kikitaja majina ya dawa yenyewe, si majina ya boksi, kwa sababu duka la dawa la Lisbon halijui boksi la Kenya wala la India.

Mkishikilia Uhispania kwa sababu ya ndugu walioko huko, jua kwamba baada ya mwaka mmoja wa ukaazi ulioandikishwa mnaweza kuomba convenio especial, mkataba wa kutibiwa kwenye hospitali za serikali kwa malipo ya kila mwezi: euro 60 kwa mwezi kwa aliye chini ya miaka 65, euro 157 kwa aliyefika 65, na ugonjwa wa zamani si kizuizi. Dawa za dukani mnanunua wenyewe. Kwa hiyo tatizo la mama ni mwaka ule wa kwanza tu, lakini mwaka wa kwanza ndio wenye viza.

Kuna watakaokuambia Afrika Kusini, ni karibu, nusu ya Lubumbashi inatibiwa Johannesburg. Viza ya mstaafu huko inataka mapato ya randi 37,000 kwa mwezi, pamoja na ripoti ya daktari. Ugumu unakuja baadaye. Sheria yao ya mifuko ya matibabu ya 1998 inaruhusu mfuko kumngojesha mwanachama mpya miezi mitatu kwa kila kitu, na miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao. Tena aliyechelewa kujiunga baada ya miaka 35 anaongezewa mchango. Asiyewahi kuwa mwanachama kwa miaka 25 na zaidi anaongezewa hadi asilimia 75, na nyongeza hiyo haiondoki. Piga hesabu kwa mtu wa miaka 67. Thailand nayo, kwa viza ya O-A ya wenye miaka 50 na zaidi, inataka bima ya afya, na kwa umri wa wazazi wetu bei yake inauma.

Mambo madogo ya kumalizia. Kabla ya kulipa mwaka mzima, omba kampuni ikuandikie kwamba viza ikikataliwa feza inarudi, kwa barua, maana maneno ya simu hayana shahidi. Uliza pia kama wanapokea malipo kutoka benki ya Lubumbashi au wanataka akaunti ya Ulaya. Cheti cha daktari cha Uhispania ni kitu kingine kabisa na bima: kinatakiwa kitaje Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, kwa hiyo mpelekee daktari sentensi yenyewe imeandikwa, asitunge yake.

Na usikate tikiti ya Kinshasa sasa. Jaza kwanza dodoso la mama, tuma kwa kampuni mbili tatu, usubiri majibu yao kwa maandishi. Wakimkubali bila kuondoa presha, endeleeni na Uhispania. Wakiiondoa, anza makaratasi ya Ureno siku hiyo hiyo.